Masikio ya dishi: oparesheni utotoni, ukubwani, au uyaache tu? Hebu tulinganishe

Mie masikio yangu ndo hayo hayo, yametokeza pembeni kama dishi. Chuoni (madrasa) nliitwa Dishi, skuli nkaitwa Dishi, na mpaka leo nikipita Michenzani hapa Unguja kuna mtu mzima na ndevu zake ananiita Dishi kwa sauti kubwa na mie naitika, nshazoea. Lililonifanya nikae nilifuatilie hili jambo ni mpwa wangu, mtoto wa dada angu, ana miaka 7, mwaka huu kaanza kukataa kinyozi. Unamkalisha kwenye kiti, mashine ikigusa tu pembeni ya kichwa anaanza kulia, anataka nywele za pembeni ziachwe zifunike masikio, na kofia ya chuoni anaivuta chini mpaka inagusa nyusi. Mamaake akadhani ukorofi. Mie nlijua mara moja maana kofia yangu nlikuwa naivuta vile vile.

Basi nkauliza madaktari wawili, nkasoma, nkamuhoji binamu yangu alofanyiwa oparesheni ya kuyalaza masikio akiwa na miaka 26, na haya ndo nloyapata. Mie si daktari, nayaweka pamoja tu ili mzazi au kijana mwenyewe ajue aende hospitali kuuliza nini.

Kwanza chukua rula

Ukilishika sikio lako utaona ukingo wa nje umejikunja, halafu ndani yake kuna tuta jengine linapanda sambamba nao. Kwa sisi wenye madishi hilo tuta la ndani halikujikunja vizuri, sikio linabaki limefunguka kama ungo. Au lile bakuli la katikati, pale karibu na tundu, limekuwa na kina sana linalisukuma sikio zima nje. Wengine tuna yote mawili. Kitu hiki mara nyingi kinarithiwa, si kwamba mama alimlaza mtoto vibaya au alimnyonyesha upande mmoja, hiyo lawama ya mawifi naisikia kila siku na haina maana yoyote. Na kusikia hakuhusiki, ukifanya oparesheni husikii zaidi na usipofanya husikii kidogo.

Kupima ni rahisi, weka rula nyuma ya sikio kutoka kwenye mfupa wa kichwa mpaka ukingo. Kawaida ni kama sentimita 1.5 hadi 2, likipita 2 ndo madaktari wanaanza kusema limetokeza. Mpwa wangu kushoto milimita 26, kulia 23. Nkajipima na mie, 27 huku na huku, dishi la haki. Nasema pima kwa sababu kuna wazazi wanahangaika na mtoto ambae masikio yake yako sawa tu ila kichwa bado kidogo, na kuna wengine tofauti ya sikio moja na jengine ni milimita 2 wanataka mtoto apasuliwe, wakati hata baada ya oparesheni yenyewe tofauti ya mpaka milimita 3 daktari anahesabu kazi yake imekuwa nzuri.

Kama ni kichanga, wahi kabla ya arubaini

Hapa wengi tunakosa kwa kutojua. Mtoto akizaliwa gegedu la sikio, ile nyama ngumu inayolipa umbo, ni laini mno, kwa sababu bado ana homoni za mamaake mwilini, na kwa wiki chache linakubali kufinyangwa bila kisu. Wanaweka kijiti laini ndani ya mkunjo, wanabana na plasta maalumu, linakaa usiku na mchana kwa wiki 2 mpaka 6. Nchi za wenzetu kuna vifaa vilivyo tayari, Marekani wana EarWell, Uingereza wana Earbuddies. Inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya wiki 3 za mwanzo, ikifika wiki ya 6 gegedu lishaanza kukaza na baada ya miezi 3 usitegemee kitu kikubwa. Sasa fikiria kwetu, mtoto anafichwa ndani, siku ya arubaini ndo anatolewa watu wamuone na ndo shangazi anasema lo, huyu masikio kachukua kwa babu yake. Udongo uwahi ungali maji, na siku arubaini ndo hizo wiki 6 zenyewe zishakwisha!

Bibi zetu wazo walikuwa nalo, wakimkanda mtoto na mafuta wanamvuta pua, wanamviringisha kichwa, na masikio wanayalaza. Ila kukanda dakika 5 kwa siku haitoshi, sikio linarudi. Na kuna wanaobandika kwa plasta ya kawaida au, Mungu atusamehe, gundi, ngozi ya kichanga inachubuka unapata kidonda juu ya dishi. Madukani kwetu hivi vifaa mie sijaviona, kwa hiyo kama mnatoka kwenye ukoo kama wetu mwambieni daktari wa masikio, pua na koo wiki ile ile mtoto anayozaliwa, aseme yeye kama anaweza kutengeneza kitu. Na mtizameni tena baada ya wiki 2 na 3 kwa sababu masikio mengine yanazaliwa yamelala yanakuja kutokeza baadae.

Ukilinganisha na oparesheni, njia hii ya kufinyanga inaishinda kwa kila kitu, hakuna nusu kaputi, hakuna kovu. Tatizo lake ni moja tu, ukichelewa ndo basi.

Utotoni au ukubwani?

Oparesheni kwa kawaida haifanywi kabla ya miaka 5, kwa sababu sikio likifika hapo kwenye 5 au 6 lishafika karibu asilimia 85 hadi 90 ya ukubwa wake wa utu uzima, kwa hiyo hulizuwii kukua. Faida ya kufanya umri huo ni gegedu bado laini, uzi peke yake mara nyingi unatosha kulikunja, na mtoto anaanza madarasa ya juu hana tena jina la utani. Hasara yake kubwa ni nusu kaputi, mtoto mdogo hawezi kulala kimya saa nzima anachomwa sindano masikioni, kwa hiyo analazwa kabisa, na hiyo inataka hospitali yenye mtaalamu wa usingizi alozoea watoto, usilichukulie kama jambo dogo. Na mtoto mwenyewe awe na akili ya kuiacha bandeji. Wa miaka 5 anaweza kuivua usiku, wa miaka 8 unamwambia anaelewa.

Mkubwa anachomwa ganzi tu, yuko macho, jioni kesharudi nyumbani. Binamu yangu anasema sindano za ganzi ndo mbaya, hizo zinauma kweli, baada ya hapo hakusikia maumivu ila alisikia sauti. Sikio ndo lile lile linalofanyiwa kazi, kwa hiyo mkasi ukikata unausikia krrr, uzi ukipita na kuvutwa anasema ni kama mtu anashona mkeka wa ukili kaukalia karibu na kichwa chako. Saa moja na nusu masikio yote mawili. Ubaya wa ukubwani ni gegedu lishakuwa gumu, saa nyengine uzi hautoshi inabidi likwanguliwe au kipande kikatwe. Uzuri wake ni mkubwa mmoja kuliko wote, mwenyewe ndo ameamua, na pesa kalipa mwenyewe, hakuna mtu wa kumlaumu.

Baada ya hapo yote sawa, mtoto na mkubwa. Bandeji kubwa kuzunguka kichwa kama wiki moja, ikitoka unavaa hedibendi kila usiku wiki 4 mpaka 6 ili sikio lisikunjike ukigeuka kitandani, hulalii ubavu, hurudi mpirani haraka na huogelei. Hili la kuogelea kwa watoto wa mjini ni mtihani kuliko oparesheni yenyewe. Mpwa wangu kila alasiri yuko Forodhani pale ukutani na wenzake wanajirusha baharini kichwa chini miguu juu, sasa umwambie wiki 6 akae juu atizame tu.

Mie kwenye hili la umri nna msimamo, angalia nani analalamika. Nlimchukua mpwa wangu peke yake, tumekaa na urojo wetu, nkamuuliza unataka masikio yako yawe vipi. Hakusema anataka yawe madogo. Alisema anataka wasimguse. Kumbe pale chuoni akikaa kwenye safu yule anaekaa nyuma yake anamchapa sikio kwa kidole, tap, akigeuka hakuna alofanya. Nkenda kwa ustadhi, likaisha ndani ya wiki 2, na jambo hilo halikuwa la daktari kabisa. Ila kofia bado anaivuta chini, kwa hiyo nusu ya tatizo ipo. Mzazi asiyemuuliza mtoto wake hili atalipa pesa nyingi kutibu kitu ambacho angekimaliza kwa kwenda kusema na mwalimu. Na kinyume chake pia nimekiona, mtoto yuko zake hana habari anacheza, mama ndo hataki picha za Idd. Huyo usimpasue, mama ndo ana tatizo.

Uzi au kukata

Daktari atakupa majina ya kizungu usiogope, ni mawili matatu tu. Ya uzi ni ile ya Mustardé, daktari wa Scotland alieitangaza mwaka 1963 (huyu baadae alisaidia hata kuanzisha kitengo cha upasuaji wa namna hii Ghana), anakata ngozi nyuma ya sikio, anapitisha nyuzi za kudumu kwenye gegedu akizivuta tuta linajikunja. Kama tatizo ni bakuli la katikati kuna ya Furnas ya mwaka 1968, nyuzi zinalifunga bakuli na mfupa wa nyuma. Mara nyingi wanachanganya zote mbili. Njia ya uzi haiharibu gegedu na ikikosewa inarekebishika, ila uzi unaweza kulegea sikio likarudi kidogo, au ukachomoza nyuma kwenye ngozi miezi baadae ukawa unakwaruza.

Ya kukwangua au kukata gegedu inashika zaidi kwa sikio gumu, ila ikifanywa na mkono mzito ukingo unabaki mkali, unaonekana kabisa kama karatasi iliyokunjwa. Kuna na ile wanayoitangaza ya bila kukata, sindano tu na uzi kupitia vitundu vidogo, kwa gegedu laini inaweza kufaa ila kurudi kwake ni kwepesi, mie singeikimbilia kwa ajili ya tangazo. Mtoto chagua uzi. Mkubwa muulize daktari akushikie sikio akwambie ni laini au gumu, na umwambie hutaki lilale mpaka linagusa kichwa, kwa sababu hilo kosa lipo, sikio linabanwa katikati tu, juu na chini linabaki nje, ukilitizama mbele unaona kama mkono wa simu ya zamani.

Kovu, hapa soma mara mbili

Kwenye kurasa za wazungu kovu wanalipa mstari mmoja, liko nyuma ya sikio halionekani, wamemaliza. Kwetu sisi weusi sivyo. Ngozi yetu inaota keloidi zaidi, yaani kovu linalovimba na kuendelea kukua, na sikio ni moja ya sehemu inapopenda kuota. Dada angu mwenyewe, mamaake huyu mtoto, alipotoga tundu la pili akiwa msichana liliota kovu nyuma ya sikio, likaanza kama punje ya mtama, baada ya mwaka likafika kama kunde, gumu, linang'aa, linawasha usiku. Likakatwa likarudi kubwa zaidi. Leo anavaa mtandio hata ndani ya nyumba. Na hilo ni tundu la sindano tu, oparesheni ya masikio ni mkato wa sentimita kadhaa huku na huku.

Kwa hiyo kabla ya bei, kabla ya daktari yupi, jikague. Tizama kovu la chanjo begani, ni bapa au limevimba? Umewahi kukatwa ukaota nyama? Mama, baba, ndugu, nani katoga sikio likaota? Kama jawabu ni ndio mwambie daktari mwanzo kabisa usisubiri aulize, na kama atakwambia si tatizo bila hata kukutizama, tafuta mwengine. Keloidi inatibika kwa sindano za kulilaza na mengine lakini ni safari ndefu na linaweza kurudi, na mtu alokimbia jina la Dishi akaishia na kovu la saizi ya kunde hajapata faida yoyote.

Hatari nyengine ni damu kuvilia ndani ya siku za mwanzo. Dalili yake ni maumivu ya sikio moja yanayozidi badala ya kupungua. Hapo usimpe panadoli ukamwambia lala, piga simu ile ile saa, damu ikikaa inaharibu gegedu na umbo halirudi. Ndo maana kabla ya oparesheni watakwambia uache aspirini, na uwatajie kila unachokunywa, hata vile vidonge vya kitunguu thomu vya kushusha presha.

Wapi na lini

Kwa kuanzia ukiwa Unguja nenda Mnazi Mmoja kwa daktari wa masikio, pua na koo, apime akwambie kama kuna mtu hapa wa kuifanya kipindi hicho au akuelekeze Dar. Alioko Pemba aanze kwa daktari wa Chake au Mkoani asifunge safari kwa kusikia. Swali ni moja tu kwa kila daktari, masikio haya ameshafanya mangapi, na uone picha za watu weusi, za mwaka mmoja baadae sio za wiki ya pili. Kwenda India kwa ajili ya masikio peke yake mie naona ni mbali mno, uzi ukichomoza mwezi wa nne unapanda tena ndege? Bima usihesabu, iwe ZHSF (mfuko wa huduma za afya wa Zanzibar) au ya binafsi, mambo yanayoonekana ya urembo mara nyingi hayalipwi, uliza kwanza. Na bei unayotajiwa uliza ndani yake kuna nini, kama mtu wa usingizi na kurudi kutolewa bandeji vimo au havimo, halafu ongeza boti ya watu 2 na kulala.

Msimu nao. Bandeji ya kichwa kizima wakati wa kaskazi, Januari ile joto hata shuka unaliona zito, jasho linaingia ndani, mtoto anajikuna. Kipupwe ndo kizuri na likizo ya katikati ya mwaka inaangukia humo humo. Ila kipupwe ndo kusi, na kusi boti ya Dar inarukaruka watu wanagawiwa mifuko, na kutapika kwa nguvu ni kitu kimoja kinacholeta ile damu kuvilia. Kwa hiyo fanya kipupwe lakini usirudi kesho yake, kaeni Dar mpaka bandeji itolewe kama kuna jamaa wa kuwapokea.

Na swali la dini, najua litakuja

Wengine watakutajia aya ya Suratu Nisaa, 119, ya kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Wengine watakutajia Arfaja, sahaba alokatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikanuka, na Mtume akamwambia aweke ya dhahabu. Jopo la fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokaa Malaysia mwaka 2007 lilitofautisha, kurekebisha kasoro inayomuumiza mtu kimwili au kinafsi si sawa na kujibadilisha kwa kutaka uzuri tu. Masikio yako yanaangukia upande gani muulize sheikh wako, na umwambie ukweli unavyoumia, usiende na jawabu mfukoni. Udhu wenyewe una wepesi, sisi Mashafi kupaka maji sehemu ya kichwa kunatosha na masikio ni sunna, lakini josho la janaba kwa alooa ni habari nyengine, hilo uliza kabla ya siku ya bandeji sio baada yake, binamu yangu alijikuta anapiga simu kwa sheikh saa 10 alfajiri.

Kuacha

Hili nalo ni chaguo kamili msilione la wanyonge. Mie nimeacha. Nywele za kiasi zinasaidia sana, ndevu nazo, uso ukijaa masikio yanapungua. Wasichana mtandio unaficha, ingawa dada zangu wananambia siku ya harusi ya mtu, wanawake wenyewe kwa wenyewe, nywele zimefungwa juu na hereni kubwa, ndo siku masikio yanapoonekana, kwa hiyo kusema mtoto wa kike hana haja ni kumsemea. Zile plasta za kubandika sikio nyuma kwa ajili ya picha ni za siku moja tu, hazibadilishi kitu, na zikiachwa zinachubua ngozi.

Kwa hiyo mtoto anaelalamika mwenyewe, ameshafika miaka 7 au 8, ukoo hauna keloidi, fanyeni na msisubiri. Mkubwa anaetaka, ngozi yake ikiwa salama, ganzi na uzi, aende. Mwenye kovu lililowahi kuota, mie nasema aache, hata kama daktari yuko tayari.

Mpwa wangu sasa kakaa katikati, kovu lake la begani ni bapa lakini mamaake ana ile kunde. Daktari kasema tusubiri mpaka afike miaka 10, tuone ngozi yake inavyopona akijikata, na hapo mtoto wa Forodhani hakosi michubuko. Kwa sasa kinyozi kaambiwa asimnyoe kipara tena, na kwa vile ustadhi hataki pembeni ziachwe na katikati zikatwe, anapitisha mashine namba 4 kichwa kizima. Juzi kakaa kwenye kiti hajalia.